Nakala hazisomeki kwenye PlayStation ya kwanza iliyofungwa chipu

Ndugu, umeeleza kwamba PlayStation yako iliyofungwa chipu (kijisehemu kinachoifanya mashine ikubali diski zilizonakiliwa) husoma diski halisi vizuri, ilhali nakala ulizochoma hukwama mara tu baada ya skrini nyeusi yenye nembo kutokea. Kutokea kwa skrini hiyo ni dalili njema, maana chipu imekwisha kuipitisha diski. Hakuna haja ya kugusa nyaya zake.

Mimi ninashuku diski na lenzi. CD-R (diski ya kuchomwa mara moja) huakisi mwanga wa leza kwa uhafifu kidogo kuliko diski ya kiwandani, na CD-RW (inayoweza kufutwa na kuchomwa tena) huakisi takriban asilimia 15 hadi 25 tu, kiasi ambacho leza iliyochoka hushindwa kukisoma, kwa hiyo kama ulitumia CD-RW, tafadhali achana nayo kabisa. Choma CD-R mpya kwa kasi ndogo, ukifungua faili la CUE kwenye programu ya kuchomea badala ya BIN (faili lenye yaliyomo ya diski) peke yake, kwa sababu CUE ndiyo inayoeleza mpangilio wa data na muziki. Kisha safisha lenzi taratibu kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili. Nakusihi usiizungushe skrubu ya nguvu ya leza kwa kubahatisha, kwani nguvu ikizidi leza huungua.