Modi za Gemu: Tazama Faili Kabla ya Kulifungua

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitengeneza modi, yaani faili za ziada zinazobadilisha gemu, za mabasi ya Bus Simulator Indonesia, na vijana wanaonijia nyumbani Makorora, hapa Tanga, huniuliza wapate wapi modi nzuri. Kabla ya kuwajibu, huwauliza faili walilolipakua linaishia na herufi gani.

Rangi za basi, zile zinazolifanya lifanane na mabasi yanayopakia abiria Kange, ni picha ya PNG tu, na picha haisakinishwi kwenye simu. Faili linaloishia na .apk, au .exe kwenye kompyuta, ni programu kamili, nayo itafanya lolote utakaloiruhusu.

Mwaka jana mpwa wangu aliniletea simu ya mama yake. "Mjomba, gemu inagoma kufunguka," akasema. Alikuwa amepakua toleo lililochakachuliwa la gemu ya mbio za magari, lililoahidi sarafu zisizokwisha. Nilipofungua ukurasa wa ruhusa nikakuta limekwisha kuruhusiwa kusoma ujumbe mfupi na majina yote ya simuni. Gemu ya magari ina shughuli gani na ujumbe wa dada yangu, ilhali namba za uthibitisho za benki huingia humo humo? Tuliliondoa, na kwa simu nyingine dada akabadilisha nywila zake zote jioni ile ile.

Tovuti yenye sifa nayo haitoshi kuwa kinga. Mwezi Juni 2023, virusi vilivyoitwa fractureiser vilipenyezwa katika modi za gemu ya Minecraft zilizowekwa CurseForge, tovuti maarufu ya kupakulia modi, vikaiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari. Kwa hiyo mimi hupitisha kila faili kwenye tovuti ya VirusTotal, inayolikagua kwa antivirusi nyingi kwa pamoja, na kwa kuwa virusi vipya huweza kupenya hata hapo, toleo lililotoka leo hulisubirisha siku kadhaa.

Misimbo ya siri (cheats) unayoandika kwa kibodi ili kubadilisha mambo ndani ya gemu haina faili, lakini huweza kuharibu mchezo uliohifadhi. Katika GTA San Andreas niliwasha ule unaowafanya wapita njia wazue ghasia, nikahifadhi, na ghasia hazikuzimika tena. Wiki tatu za kucheza zikapotea kwa kuwa sikuwa nimenakili folda ya mchezo pembeni. Katika gemu za mtandaoni usithubutu kabisa, maana akaunti hufungiwa.

Ukianza kutengeneza, heshimu kazi ya mwenzako. Umbo la basi langu la kwanza lilichongwa na kijana wa Indonesia. Nilimwandikia kuomba ruhusa, akanijibu baada ya siku nne, na jina lake limo katika faili la maelezo ninaloambatanisha na kila modi, pamoja na namba ya toleo la gemu nililolijaribia.