Mkuu, usilipie hivyo vitabu vinne

Mkuu, funga hilo kapu la mtandaoni sasa hivi. Umeandika kwamba una laki mbili na nusu, unataka vitabu vinne vya "jinsi ya kuandika" hadithi za chini ya maneno 1,000, na mwezi wa 12 utoe mkusanyiko wako mwenyewe. Nimesoma mara mbili na moyo umeniuma. Njia hiyo nimeipita, na ilinila 1,350,000.

Nilijiunga na kundi la WhatsApp la mafunzo ya uandishi. Tulilipa ada, kisha mwalimu akatuuzia vitabu vya kanuni. Kwa wiki sita hakutupa hata hadithi moja ya kusoma, isipokuwa ile ya maneno sita, ya viatu vya mtoto vinavyouzwa na havijawahi kuvaliwa. Akaapa kwamba kaiandika Hemingway, yule mwandishi maarufu wa Marekani. Hakuna ushahidi wa hilo! Vijisa vya namna hiyo vilikuwa vikizunguka kwenye magazeti ya Marekani tangu miaka ya 1910, Hemingway akiwa bado kijana. Lakini yule bwana somo lake zima alilijenga juu ya hivyo viatu: hadithi fupi sana ni mtego, msomaji anatakiwa aruke kwenye sentensi ya mwisho. Angefundisha upishi angetuambia pilau ni iliki tu.

Basi nikatega mitego 40. Mke kumbe jini. Dereva kumbe alishakufa. Mtoto anayesimulia kumbe paka. Nikapeleka kwa mchapaji, nakala 300 kwa 4,500 kila moja, pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya bati. Nakala ya kwanza nikampelekea shangazi yangu, mwalimu mstaafu. Akakaa barazani, akasoma tatu, ya nne akaanza, akavua miwani. "Mwanangu, hii najua inaishaje, na sijageuza ukurasa." Hakusema kwa ubaya. Nimeuza 22, nyingi kwa ndugu. Nyumba bado inavuja pale jikoni.

Kinachoniuma ni kwamba dawa yake nilikuja kuinunua kwa 6,000 kwenye vitabu vya mitumba mjini: "Flash Fiction: 72 Very Short Stories", mkusanyiko wa 1992 wa James Thomas, Denise Thomas na Tom Hazuka. Hadithi 72 za watu tofauti, kila mmoja na namna yake. Nilitafuta mitego nikaikuta michache. Nyingi zinaishia mtu kasimama mlangoni, au anaosha vyombo, nawe unabaki na kitu kifuani.

Halafu rafiki akaniazima kitabu cha Kawabata, mwandishi wa Kijapani aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi 1968. Alianza kuandika hivi vihadithi miaka ya 1920, akaandika zaidi ya 100, akaviita vya kiganjani; kwa Kiingereza ni "Palm-of-the-Hand Stories". Kuna kimoja cha watoto wanaosaka wadudu usiku wakiwa na taa za karatasi walizochonga majina yao. Mvulana anampa msichana mdudu, na wakiwa wamesogeleana, mwanga wa taa ya kila mmoja unaandika jina lake kwenye nguo ya mwenzake. Wao hawaoni. Msimulizi tu ndiye anaona. Hakuna jini wala maiti hapo, na nimekirudia mara kumi. Mwaka 1972, karibu na kufa kwake, aliichukua hata riwaya yake maarufu akaiandika upya ikiwa kurasa chache tu.

Na kuna hadithi ya Monterroso, mwandishi wa Guatemala, ya 1959, maneno saba tu kwa Kihispania: mtu anaamka, dinosaria bado yupo. Mwalimu wetu angesema ule ni mshtuko. Siyo. Neno linalobeba mzigo pale ni "bado", maana ndilo linalokulazimisha ujiulize jana kulitokea nini.

Hata sisi tuliokulia kwenye hekaya za Abunuwasi tulitakiwa tujue. Hila yake unaijua tangu darasa la tatu, na bado unataka usimuliwe tena, kwa sababu unampenda Abunuwasi na unataka kumwona sultani akikosa la kusema.

Kwa hiyo sikiliza, mkuu, hili silegezi: hadithi mia kwanza, kitabu cha mafunzo baadaye. Mia za watu wengine, na usome moja kwa siku. Ukizibugia ishirini kwa mkao mmoja zinachanganyika, kesho huikumbuki hata moja. Soma asubuhi, funga kitabu, jioni soma ile ile tena. Ile inayogoma kukutoka kichwani, uinakili kwa mkono, neno kwa neno, uone mwandishi alinyamaza wapi. Ukifika mia na bado unataka kitabu cha mafunzo, chukua kimoja tu, ule mwongozo wa wachapishaji Rose Metal Press wa 2009 uliohaririwa na Tara L. Masih, kwa sababu ndani yake kila mwandishi anayefundisha anaweka na hadithi ya mfano.

Hilo la mwezi wa 12 liache kabisa. Anza na hiyo ya taa za karatasi leo usiku, halafu rudi hapa uniambie umeona nini pale majina yanapoonekana.