Viwanja vya ndege vilivyosahaulika: ongea na nahodha kabla hujafungua ramani

Mie mtu wa Malindi, na kwa miaka kadhaa sasa wikendi zangu zinaishia vichakani nikitafuta viwanja vya ndege vya zamani, vile vya nyasi na changarawe ambavyo ndege ndogo zilikua zikitua alafu vikaachwa. Kuna wanaoniuliza huwa naanzia wapi, basi nawaambia nilivyojifunza.

Mara ya kwanza nilienda kijiji kimoja kaskazini ya Malindi na tepu ya kupimia na simu yenye GPS, sikuamkia mtu, nikaanza kupima. Dakika kumi hazijaisha nimezungukwa naulizwa nimetumwa na nani, na walikua na haki kabisa manake huku kwetu pwani mtu akionekana na tepu watu wanajua kuna shamba linataka kwenda. Tangu siku hio tepu inabaki nyumbani mpaka nimeenda mara tatu nne. Napita kwa mzee wa kijiji kwanza, shikamoo, najieleza mie mtoto wa nani, nasema wazi sitaki ardhi nataka hadithi, na nikiandika sitaji shamba la mtu. Ndio maana hata hapa sisemi ni kijiji gani. Na kwa upande wa bara ya Lamu ongea na chifu pia, na droni usirushe bila kibali, kule usalama si jambo la kuchezea.

Ukikaa na mzee usimuulize "historia ya kiwanja", atakwambia hajui. Muulize nani alikua akikata nyasi, nani alipaka chokaa yale mawe ya pembeni, mapipa ya mafuta yalibebwa vipi mpaka pale. Kazi aliyoifanya kwa mikono yake mtu hasahau. Wengine ukisema ndege wanakutazama tu, sema eropleni uone uso unavyofunguka. Mwaka nao usimbane, mshikize kwa matukio: ni kabla ya mafuriko makubwa ya 1961 ama baada? Babake aliwahi kumhadithia kiwanja kilikuwepo Waitalia walipoangusha mabomu Malindi 1940? Ndege ilikua imeandikwa East African Airways? Hio kampuni ilianza 1946 ikafa 1977, kwa hivo akisema ndio ushapata mwanzo na mwisho bila kumchosha.

Lamu ndio nilifunzwa jambo ambalo singelipata popote. Abiria wa ndege wa Lamu anashukia Manda alafu anavuka na boti, kwa hivo watu wa bahari ndio wamewabeba wageni na mizigo yao miaka yote. Nahodha mmoja mzee alinihadithia kiwanja kingine kilichoachwa, tukaenda nae, nikamnyooshea mkono nilipodhani ndege zilikua zikipita. Akatulia, akasema hapana mwanangu, hapo kusi ingeipiga ubavuni, geuka huku. Ndege hutua ikiuelekea upepo kama mnavyojua, na yeye kusi na kaskazi amezisoma kwa tanga maisha yake yote. Tukageuka, na kweli, mstari ukatokea: miti mifupi, nyasi rangi nyengine, sababu ardhi ilioshindiliwa mizizi haiingii vizuri. Wallahi nilisisimka. Nenda baada ya mvua, tofauti inaonekana zaidi.

Jambo jengine, anaekijua kiwanja huenda hakai tena karibu nacho. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilihamisha Wabajuni wengi kutoka vijiji vya bara ya Lamu, na wengine wako Mombasa na hapa Malindi, kwa hivo ukikuta pahali pamekua msitu ulizia jamaa walihamia wapi.

Karatasi zije baada ya hapo. Kenya Gazette za zamani ziko kwa intaneti, ramani za Survey of Kenya za 1:50,000 zatoa msaada mkubwa, picha za miaka ya nyuma za Google Earth pia, na ukifika Nairobi pita jumba la kumbukumbu za taifa Moi Avenue uombe ripoti za mwaka za ma-DC, yaani wakuu wa wilaya wa zamani, wa wilaya yako. Hizo ripoti zina mambo madogo madogo matamu sana.

Picha za watu usiende nazo kwako hata ukipewa. Zipige pale pale barazani, mbele na nyuma, manake mara nyingi majina yako nyuma, na unyevu wa chumvi wa huku kwetu unakula picha haraka. Sauti rekodi kwa simu, ukiruhusiwa, mwanzo utaje tarehe na pahali, alafu weka nakala kwa simu, kwa flashi na kwa ndugu anaekaa mji mwengine. Na nakala moja iliyochapishwa mrudishie mwenyewe. Nilipompelekea yule nahodha picha ya ule mstari aliivalia miwani, akaniambia niandike vizuri, mapipa yalikua yanawekwa upande wa baharini, sio huo.