Plagi ya Pikipiki ya Zamani: Soma Namba, Kisha Soma Ncha

Honda CG 125 aliyoniachia marehemu baba haikuwahi kunisumbua tulipokuwa Moshi. Nilipohamia nayo Sakina, Arusha, nilinunua plagi tano za cheche ndani ya miezi minne. Karibu zote zilitoka nyeusi tii, zimejaa masizi makavu kama chungu cha kuni, na asubuhi nilipiga kiki hadi mguu ukafa ganzi.

Nililaumu plagi. Moja kweli ilikuwa feki. Niliinunua duka la karibu na stendi kwa nusu ya bei niliyoizoea, imeandikwa jina la kampuni ya NGK kwa herufi safi kabisa, ikanizimikia kwenye kilima cha Kikafu giza likianza kuingia. Nilipoifungua, washa yake, ile pete ya chuma inayokaa juu ya nyuzi, ikadondoka yenyewe. Plagi halisi washa yake imebanwa, huichomoi kirahisi kwa vidole. Siku hizi sitoi hela kabla sijaitoa plagi kwenye boksi: nyuzi ziwe laini, ncha iwe katikati kweli, maandishi kwenye kauri, ile sehemu nyeupe, yasifutike nikisugua. Muuzaji akinuna, naenda duka la pili.

Zile nne nyingine hazikuwa na kosa lolote. Fundi mmoja mzee wa Kijenge alizipanga mezani, akazitazama, akaniuliza, "Mwanangu, umetoka nayo wapi hii?" Nikamwambia Moshi. Akaguna, akaanza kufungua kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa.

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi haifiki hata 1,000. Huku hewa ni nyepesi zaidi, ila kabureta inamwaga petroli kana kwamba bado iko chini. Yangu ilikuwa inazidisha petroli kidogo tangu zamani na chujio la hewa lilijaa vumbi, kwa hiyo mwinuko ulimalizia tu. Tulisafisha chujio, tukashusha sindano ya kabureta ngazi moja ili petroli ipungue. Plagi ya tano ninayo hadi leo, ncha yake ina rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ndiyo rangi unayoitafuta.

Kuhusu namba. CG yangu inatumia D8EA. D ni uzi wa milimita 12, E ni urefu wa uzi, milimita 19, na 8 ni kiwango cha joto. Kwa NGK namba ikipanda, plagi ni ya baridi zaidi, yaani ncha yake hupoa haraka. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, na hapo ndipo wengi hupotea wakibadilisha kampuni. Mimi nilishawishiwa kuweka 7 ili masizi yaungue. Ni kweli ncha huanza kujisafisha ikifika nyuzi joto 450 hivi. Lakini plagi ya moto kupita kiasi, ukipanda Marangu na mzigo, inaweza kuwasha petroli kabla ya cheche, na pistoni ikatoboka. Tafadhali usitibu kabureta kwa plagi.

Wenye Yamaha za zamani zinazounguza oili pamoja na petroli wawe makini zaidi. Nyingi hutumia plagi za NGK zinazoanza na B, yaani uzi wa milimita 14. Herufi H ni urefu wa milimita 12.7, E ni 19, na zote mbili zinaingia tundu lile lile. Weka E mahali pa H, pistoni inaweza kuigonga. Usiamini plagi uliyoikuta. Huenda mwenye pikipiki wa kwanza alikosea. Tafuta kitabu chake.

Nafasi ya cheche kwenye CG ni milimita 0.6 hadi 0.7, ipime kwa fila, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, hata kama plagi ni mpya. Funga plagi wakati injini imepoa, kwa vidole kwanza hadi iishie, kisha spana nusu mzunguko kama plagi ni mpya. Ikigoma mapema, itoe uanze upya, maana silinda hedi ni aluminiamu na nyuzi zake huchunika upesi.