Maswali ya Wasomaji: Ukichelewa, Meza Ipo?

Mwezi wa Agosti tutamzuru dada yangu Florida, naye ametuwekea meza ya chakula cha jioni ndani ya Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Walt Disney World. Tutakuwa na watoto wadogo na mama yetu anayeumwa magoti. Tukichelewa, tutanyimwa meza? (Msomaji, Mkomani)

Dada yangu, mikahawa ya Walt Disney World kwa kawaida humvumilia mgeni kwa takriban dakika 15. Zikishapita, uamuzi ni wa mhudumu wa mlangoni, ambaye aweza kukupokea, kukuambia ungoje meza itakayoachwa, au kukuhesabu kuwa hukufika. Nafasi huanza kuwekwa siku 60 kabla, kwa hivyo usitarajie kuwa kutakuwa na meza nyingine tupu.

Kinachowaponza wengi ni safari ya kufika mlangoni. Aegeshaye gari katika kituo kikuu hayuko bado Magic Kingdom: kama abiria wa Lamu anayetua uwanja wa ndege wa Manda, mbele yake kuna maji, nayo huvukwa kwa kivuko, au huzungukwa kwa treni ya reli moja. Kabla ya kupanda kuna ukaguzi wa mikoba, na baada ya kufika ng'ambo kuna lango la tiketi, kisha mwendo wa miguu katikati ya umati. Kwa ajili ya mama, tokeni mapema sana, na ikisalia saa nzima msiingie tena foleni ya mchezo wowote, hata watoto wakililia.

Tukiona hatutawahi, tughairi au tubahatishe? (Huyo huyo)

Ghairini. Mikahawa mingi huko hukubali kughairi bila malipo hadi muda wa saa 2 kabla. Mkikosa kufika bila taarifa, kadi iliyotumika hukatwa dola 10 kwa kila mtu.

Saa iliyoandikwa ni ya kwetu au ya kwao? (Kijana, Malindi)

Ni ya kwao. Mwezi wa Agosti Florida iko nyuma yetu kwa saa 7, na “7:00 PM” ni saa moja ya usiku ya huko.

Ninahudumu mkahawani Shela, kijiji cha kisiwani Lamu. Mwezi wa Desemba wageni wa mjini Lamu huchelewa na kusema ni maji. Niwanyime meza? (Mhudumu)

Ndugu yangu, mara nyingi wanasema kweli. Siku za bamvua, maji yakijaa, njia ya ufukweni kutoka mjini hufunikwa, na aliyepanga kutembea hulazimika kutafuta mashua wakati kila mtu anaitafuta. Mgeni hawezi kuyajua hayo asipoambiwa, nami naona ni haki yake kuambiwa siku ile ile anapoweka nafasi: maji yatajaa saa ngapi, na aje kwa njia gani. Mpeni dakika 15, kisha mpigieni simu. Akisema mashua ndiyo kwanza inatoka gatini, mshikieni meza. Asipopokea, wapeni walio mlangoni.