Mama, mpeleke kliniki kwanza

Nilipata mimba mwaka 2012, nikiwa na miaka 16, kidato cha pili. Tuliishi Manzese, Dar es Salaam, watu sita chumba kimoja, pazia ndiyo ukuta. Makonda wa daladala walitukataa wanafunzi kwa sababu ya nauli yetu ndogo. Nilifika kituoni saa kumi, nikapanda saa moja usiku. Kijana wa bodaboda akaanza kunipa lifti. Yaliyofuata mnayajua.

Nilijibana tumbo kwa kanga chini ya sketi ya shule hadi mwezi wa saba. Niliogopa kipigo cha baba kuliko kujifungua. Nilipofikishwa kliniki damu ilikuwa imepungua, miguu imevimba, presha juu. Wasichana wadogo wako kwenye hatari zaidi ya kupata kifafa cha mimba, na dalili zake hugunduliwa kwenye mahudhurio yale niliyoyakosa miezi yote ile.

Kwa hiyo mama mwenzangu, ukigundua binti yako ana mimba, lia, lakini kesho yake mshike mkono mwende kliniki, ikiwezekana kabla ya wiki ya 12. Nenda naye wewe mwenyewe. Mara ya kwanza nilipofika peke yangu nilirudishwa nikalete mwenza au barua ya serikali ya mtaa. Binti wa miaka 16 aliyekwisha kuona aibu, ukimrudisha mara moja harudi tena.

Usikubali kumaliza mambo kifamilia kwa laki mbili na mbuzi. Chini ya miaka 18, hata kama binti alikubali, kisheria ni ubakaji. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure.

Mimi shule ilinifukuza. Baba naye akanifukuza, nikapokelewa na mama mdogo Mbagala. Nilikuja kufanya QT, mtihani wa maarifa kwa walioacha sekondari, nikiwa na miaka 23, mwanangu akiwa ameanza shule. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliojifungua warudi darasani. Bado naona mabinti mtaani kwetu hawarudi, si kwa kukatazwa, bali hakuna wa kubaki na mtoto. Hilo lipangeni mapema, tumbo likiwa bado dogo: nani atabaki naye asubuhi, maziwa yatakamuliwaje. Mama mdogo alikuwa akikaanga vitumbua alfajiri. Alihamishia biashara yake jioni ili mimi niende masomoni, na mwanangu akabaki naye.