Muulize Anavyoitwa, na Uulize Pia ni Wapi

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna nafuu: "yeye" hutumika kwa wote. Ndiyo maana wengi hudhani suala la viwakilishi, yaani mtu angependa atajwe kama mwanamume, mwanamke au vinginevyo, haliwahusu. Lakini jinsia tunaipitisha kwingine, kwenye kaka, dada, baba, mama, bwana, bibi. Unaweza kuongea na mtu saa nzima vizuri kabisa, kisha ukamuaga kwa "haya kaka" na ukamuumiza. Tukihamia Kiingereza ndiyo kabisa, maana lazima uchague he, she au they.

Kwa muda mrefu nimewavisha na kuwapamba wasanii wa dragi nyuma ya jukwaa, na baadhi ya marafiki zangu wa karibu ni transijenda, yaani watu ambao jinsia yao si ile waliyotajwa nayo walipozaliwa. Nakushauri uanze kwa kutofautisha mambo haya mawili. Dragi ni sanaa ya kuigiza jinsia jukwaani kwa mavazi na vipodozi. Kuna msanii niliyekuwa nikimfungia zipu ya gauni. Wigi likishakaa kichwani alikuwa dada, likivuliwa na gundi ikafutwa kwenye paji la uso, alikuwa kaka, na ndivyo alivyotaka. Rafiki yangu mwanamke transijenda ni dada akiwa amejipamba, akiwa mgonjwa kitandani, akiwa amelala. Kwake hakuna cha kuvua.

Wapo pia walio vyote viwili, wasanii wa dragi na transijenda. Gottmik, mwanamume transijenda aliyeshiriki shindano la dragi la televisheni la msanii RuPaul mwaka 2021, ni she akiwa amevaa na he akishavua. Sasha Colby, aliyelishinda mwaka 2023, ni mwanamke transijenda jukwaani na nje ya jukwaa. RuPaul mwenyewe alishasema kwamba he au she, kwake ni sawa. Kwa hiyo usikisie kwa kutazama mavazi.

Uliza, tena pembeni, si mbele ya watu. Anza na wewe: "Mimi huitwa dada, wewe ungependa nikuiteje?" Jina lake la zamani na habari za mwili wake usiulize, havikuhusu. Na kama huna nafasi ya kuuliza, tumia jina alilojitambulisha nalo, au "ndugu", au "rafiki". Hata wale wanaotaka kuitwa they badala ya he au she nimeona wakifurahia "ndugu".

Jambo ambalo watu hulisahau, na ndilo linalonigusa zaidi, ni usalama. Yule rafiki yangu mwanamke transijenda aliniomba mapema kwamba mama yake akipiga simu nikapokea mimi, nitumie jina la zamani. Siku ilipofika nililitamka, na liliniuma kooni. Lakini uamuzi ni wake, maana anajua nani anaweza kumfukuza nyumbani au kumfanya apoteze kazi. Tangu hapo swali la kwanza nalifuatisha na la pili: "Kuna mahali, au mtu, ambaye mbele yake nisikuite hivyo?" Kumtangaza mtu kuwa ni transijenda bila ridhaa yake, hata kwa nia njema, kunaweza kumgharimu sana.

Ukiacha hilo, mwite alivyosema hata akiwa hayupo. Hapo ndipo ulimi huzoea, na wanaokusikiliza nao hujifunza. Ulimi ukiteleza, sema "samahani, dada" na uendelee na ulichokuwa ukisema. Ukirefusha kuomba radhi, yeye ndiye atakayeanza kukubembeleza. Mwingine akikosea, usikimbilie kumsahihisha kabla ya kujua kama mwenyewe anataka atetewe hadharani.

Neno moja kwa wanaoingia vyumba vya dragi kwa mara ya kwanza. Mle ndani utasikia kila mtu akiitwa she au dada, wanaume kwa wanaume, kwa mapenzi tu. Usiuchukue utani huo ukaumwagia kila uliyemkuta. Nimemwona kijana transijenda aliyekuja kusaidia kubeba taa akinyamaza jioni nzima kwa sababu hiyo, mpaka mmoja wa wasanii alipomfuata na kumuuliza. Akajibu, "Kaka." Kuanzia hapo chumba kizima kikamwita kaka.